Kirusi kina jina, Himbi iambiwe

Mtoto akiamka na homa katika kata ya Himbi, mara nyingi safari ya kwanza ya mama ni famasi, si kituo cha afya. Hurudi na vidonge vya malaria pamoja na antibiotiki, kwa sababu hakuna aliyempima mtoto na kumwambia homa hiyo imetokana na nini. Malaria huletwa na kimelea. Kipindupindu, ambacho watu wanaochota maji ya Ziwa Kivu wanakijua vizuri, huletwa na bakteria. Surua, mpox na Ebola ni za virusi, na kwa virusi antibiotiki haifanyi kazi.

Kirusi si bakteria mdogo. Ni vinasaba vichache vilivyofungwa ndani ya ganda la protini, na hakiwezi kuzaliana mpaka kiingie ndani ya seli ya kiumbe hai na kuilazimisha itengeneze nakala zake. Kwa hiyo wataalamu hawavipangi virusi kwa dalili za mgonjwa. Tangu 1966 kuna kamati ya kimataifa inayovigawa katika familia, jenasi na spishi. Mwaka 1971 Mmarekani David Baltimore alivipanga katika makundi kwa kuangalia vinasaba vyake, kama ni DNA au RNA, na jinsi vinavyonakiliwa. Yote hayo yanaonekana kama mambo ya darasani, lakini Kivu Kaskazini imeyaishi.

Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, chanjo ilianza kutolewa tarehe 8 mwezi huohuo. Kasi hiyo iliwezekana kwa sababu maabara ya INRB ya Kinshasa ilikuwa imethibitisha kwamba kirusi ni cha aina ya Zaire, na chanjo iliyokuwapo ilitengenezwa kwa aina hiyo. Mgonjwa wa kwanza alipothibitishwa Goma mnamo Julai 2019, chanjo ilikuwa tayari. Mlipuko ule uliua watu 2,287 kabla ya kumalizika Juni 2020. Bila chanjo ungeua zaidi.

Sasa tazama jirani. Uganda ilipopata Ebola mnamo Septemba 2022, kirusi kilikuwa cha aina ya Sudan. Chanjo iliyotumika Beni na Butembo haikufaa kitu, na dozi za majaribio zilifika Desemba, wagonjwa wakiwa wamekwisha kuruhusiwa. Mwaka 2012 Isiro, nchini Kongo kwenyewe, kulikuwa na aina ya tatu, Bundibugyo. Rwanda nayo ilitangaza Marburg mnamo Septemba 2024, wakati watu wa Goma wakivuka Petite Barrière kila siku kwenda Gisenyi. Marburg ni ya familia moja na Ebola, mgonjwa huonekana karibu vilevile, lakini chanjo ya Ebola haiizuii. Ndiyo maana tangazo la redio linalosema tu kwamba "kuna Ebola" halijasema la maana. Ipi?

Wakati mwingine undugu wa virusi unasaidia. Kirusi cha mpox kiko katika jenasi moja na cha ndui, ugonjwa uliokwisha kutokomezwa duniani, na chanjo iliyoundwa kwa ajili ya ndui inakinga dhidi ya mpox pia. Goma ndipo Kongo ilipoanzia kuitoa, tarehe 5 Oktoba 2024. Aliyemwambia jirani yake asichanjwe kwa sababu "hiyo si ya mpox" hakuwa mjinga. Hakuelezwa undugu huo.

Hata ndoo za maji ya klorini zilizojaa barabarani Goma mwaka 2019, ambazo wengi walizichoka, zilikuwa na maelezo yaliyostahili kutolewa. Ebola na mpox vimevaa utando wa mafuta juu ya ganda, na sabuni huuvunja utando huo. Kirusi cha polio hakina utando kama huo, kwa hiyo dawa ya mikono yenye pombe inakisumbua kidogo tu. Dakika mbili za redio zinatosha kusema hivyo kwa Kiswahili cha Goma.

Jina la kirusi hutoka maabara, na Goma ina maabara yake ya INRB, ili sampuli zisingoje ndege ya Kinshasa. Mnamo Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, Shirika la Msalaba Mwekundu lilionya hadharani juu ya sampuli hatari zilizohifadhiwa humo, zikiwamo za Ebola. Siku hizohizo wagonjwa wa mpox waliikimbia karantini. Yeyote anayeushika mji huu ana wajibu wa kulinda umeme wa maabara hiyo, watumishi wake na njia ya kusafirishia sampuli.

Na majibu yakitoka, yasiishie kwenye ripoti za Kifaransa. Idara ya afya iwape wakuu wa kata na redio za mtaani mambo matatu katika kila tangazo: jina kamili la kirusi, kama chanjo yake ipo, na kinaambukizwa vipi. Wenye famasi za Himbi wapewe karatasi hiyohiyo wabandike dirishani, kwa kuwa mama mwenye mtoto wa homa atapita hapo kwanza.