Nyumba ya Umma Yenye Wenyewe

Ndugu msomaji, umwonapo Mwingereza wa shamba akitoka kwake Jumapili mchana pamoja na mkewe na watoto, na pengine mbwa akiwafuata, naye akakuambia kuwa anakwenda pabu, usiharakishe kumwita mlevi. Aghalabu anakwenda kula. Neno hilo pabu ni ufupisho wa maneno yenye maana ya “nyumba ya umma”, na maana hiyo ndiyo tutakayoizungumza leo. Kwani kuna kijiji kimoja kilichofika mahali pa kujiuliza kama nyumba hiyo ni ya umma kwa jina tu, au ni ya umma kweli.

Kijiji chenyewe ni Hesket Newmarket, huko Cumbria, kaskazini ya Uingereza, karibu na milima mashuhuri ya nchi ya maziwa. Pabu yake inaitwa Old Crown. Lakini kabla hujasikia habari zake, yafaa ujue kwanza desturi za nyumba kama hii.

Ukiingia, usikae mezani ukangoja mhudumu aje kukuuliza unywe nini. Utangoja mpaka koo likauke. Nenda kaunta mwenyewe, ungoje zamu yako bila kusukumana wala kupunga noti hewani, uagize, na aghalabu ulipe papo hapo. Mkiwa watu wanne, kila mmoja huwanunulia wote kwa zamu. Yule anayekunywa zamu tatu za wenzake, kisha inapofika yake akakumbuka kuwa ana shughuli nyumbani, huyo hasahauliki upesi.

Bia ya wenyeji ni eli. Kipimo chake ni painti moja, yaani mililita 568, nusu lita na zaidi kidogo. Hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, maji, hamira, na maua ya mmea uitwao hopsi ambayo huitia uchungu. Tofauti yake na bia ya chupa uliyoizoea ni kwamba haimalizi kuchachuka kiwandani. Huendelea kuchachuka ndani ya pipa, katika chumba kilicho chini ya nyumba, na mhudumu huivuta kwa pampu ya mkono. Haitiwi barafu, ubaridi wake ni wa nyuzi 12 hivi. Pipa likifunguliwa sharti limalizwe katika siku chache, ama sivyo bia huharibika. Kwa hiyo pabu isiyo na watu haiwezi kuwa na eli nzuri, hata mwenyewe awe hodari namna gani. Makampuni makubwa yalipoanza kuiacha eli ya namna hii kwa sababu ya usumbufu huo, wanywaji wanne walianzisha chama cha kuitetea mwaka 1971, na chama hicho kingali hai.

Sasa chakula. Mlo wa Jumapili ni nyama ya ng’ombe au kondoo iliyookwa, viazi vya kuokwa, mboga na mchuzi mzito, pamoja na andazi la unga, mayai na maziwa lililoumuka kama kikombe. Siku za kazi utapewa sahani iitwayo chakula cha mlima-shamba: mkate, jibini na vitunguu vilivyolowekwa katika siki. Usidanganyike sana na jina hilo. Waliolivumisha katika miaka ya 1950 na 1960 ni wauzaji wa jibini!

Watoto nao huketi mezani na wazazi wao, ila aliye chini ya miaka 18 hawezi kuuziwa pombe. Hapa pana jambo la kumfaa mfanyakazi wa mjini. Si kwamba Waingereza hawalewi. Walevi wanao, tena wengi. Lakini ni vigumu mtu kuumaliza mshahara kwenye glasi hali sahani iko mbele yake, mkewe yuko kando, na mwanawe anamtazama. Kinachowaumiza wengi wetu si bia peke yake, bali ni kuinywa mbali na macho ya wale tunaowalisha.

Turudi Old Crown. Mwaka 1988 kiwanda kidogo cha bia kilianzishwa nyuma ya pabu hiyo, na bia zake zikapewa majina ya milima ya huko. Mwaka 1999 wanakijiji na marafiki zao waliunda ushirika wakakinunua kiwanda. Mwaka 2003 pabu yenyewe nayo ikauzwa. Mnunuzi kutoka mbali angeweza kuifanya apendavyo, hata kuigeuza nyumba yake ya kulala, kama zilivyogeuzwa pabu nyingi za vijijini. Watu zaidi ya mia moja wakachanga hisa, wakainunua. Yasemwa kuwa ndiyo pabu ya kwanza ya ushirika katika nchi hiyo, nchi ile ile ambamo wafanyakazi wa Rochdale walifungua duka lao la ushirika mwaka 1844.

Hawakufanya papara ya kujazana wote nyuma ya kaunta. Ushirika ulishika nyumba, na kazi ya kuiendesha ukampangisha mtu anayeijua. Vijiji vingine vikafuata mfano huo, na sheria ya mwaka 2011 ikawapa wananchi wa Uingereza nafasi ya kuliandikisha jengo la manufaa kwa jamii, ili likitaka kuuzwa waweze kupata miezi sita ya kutafuta fedha.

Ndugu msomaji, pabu nyingi zimefungwa huku majirani wakisikitika, nao ni wale wale waliokuwa hawaingii ndani isipokuwa sikukuu. Masikitiko hayajapata kulipia paa linalovuja. Watu wa Hesket Newmarket walitoa fedha zao mlango ungali wazi. Je, mtaani kwako kuna duka, ukumbi au uwanja ambao kila mtu huuita “wetu”? Uliza leo ni nani anayeulipia, na jina la nani limo katika hati.