MGENI APEWE JEMBE

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hulitumia neno hili kwa kumsuta mgeni mvivu. Mimi naliona vingine: kumpa mtu jembe ni kumwambia, "Shamba lipo, nawe u mwenzetu."

Mwaka jana tulikwenda Ifunda, hapa Iringa, kushindana mpira. Tulifungwa, lakini si hayo niyatakayo kuandika. Huko yako makaburi ya Wapolandi. Ajabu! Watu wa nchi ya theluji wamezikwa katika udongo wa Uhehe. Mwaka 1940 na 1941 Warusi waliwaondoa makwao wakawapeleka Siberia. Mwaka 1942 wakatoka kwa njia ya Uajemi, na wengi, hasa akina mama na watoto, wakaletwa Afrika ya Mashariki. Walikaa Ifunda, Kidugala upande wa Njombe, Tengeru na kwingineko. Hawakupewa chakula tu, bali nyumba, shule, kanisa na kazi za mikono. Baadaye kambi ya Ifunda ikawa shule ya ufundi, na hata leo vijana wenzetu husoma pale.

Najua nitakavyojibiwa: wale walikuwa Wazungu, na serikali ilikuwa ya Wazungu. Ni kweli, na kweli hiyo yauma. Basi tutazame mambo yetu wenyewe. Warundi walipokimbia mauaji ya mwaka 1972, serikali yetu iliwapa mashamba Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walifyeka pori, wakalima, wakajilisha, wakauza na ziada. Mwaka 2014 watu kiasi cha 162,000, wao na watoto wao, walipewa uraia.

Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ni habari nyingine. Huko chakula ni cha kupimiwa, wala mtu hatoki bila kibali. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule ni mtu mzima sasa. Hata akisoma hadi mwisho, atafanya kazi wapi?

Wako wasemao kwamba wakimbizi humaliza kuni na kugombea ardhi. Si uongo. Kwetu Rungwe ardhi ni haba hata ndugu wa tumbo moja hushtakiana kwa ajili ya migomba. Lakini aliyefungiwa bila kazi ataacha kukata kuni? Mwenye shamba ndiye apandaye miti. Kwa hiyo naomba kila jamaa wapya wapewe mahali pa kulima na ruhusa ya kufanya kazi tangu mwaka wa kwanza, si baada ya miaka ishirini.

Nilipofika hapa kidato cha kwanza, siku tatu nilikaa kitandani na sanduku langu, hakuna aliyeniuliza neno. Siku ya nne kiranja wa bweni alinipa fyekeo, akanionyesha sehemu yangu ya majani. Nilinung'unika sana. Jioni ile ndiyo mara ya kwanza nilipoitwa kwa jina langu.