Wagonjwa wa Aushi, Watumishi wa Muda

Atokaye Nyololo, akaiacha barabara kuu iendayo Mbeya na kushika njia ya mashamba ya chai, hufika Igowole, mji mdogo wa Wilaya ya Mufindi ambao watu wake huishi kwa maharage, viazi, mahindi, mbao na vibarua vya kuchuma chai, na ambao baridi yake ya Juni na Julai humfanya mgeni wa pwani ajute kuliacha koti nyumbani. Macho ya mpita njia hayaoni hapo dalili ya msiba wowote. Lakini mkoa huu wa Iringa, pamoja na jirani zake Njombe na Mbeya, ndiyo mikoa iliyoelemewa kuliko mingine yote na virusi vya UKIMWI: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta kwamba, katika watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, asilimia 12.7 ya watu wa Njombe, asilimia 11.1 ya watu wa Iringa na asilimia 9.6 ya watu wa Mbeya wanaishi na virusi hivyo, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4, na Kigoma haikuzidi 1.7. Mtu mzima mmoja katika kila tisa mkoani Iringa, basi, anastahili miadi na zahanati, kituo cha afya au hospitali, na miadi hiyo haina mwisho maadamu yu hai.

Uchunguzi huohuo haukuleta simanzi peke yake. Katika wale waliokwisha kuijua hali yao, asilimia 97.9 walikuwa wakitumia dawa za kufubaza makali ya virusi, na katika wazitumiao, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Nakisi kubwa ilikuwa katika kujijua, kwani katika kila watu mia wenye virusi, takriban 83 tu ndio waliokuwa na habari. Hesabu hizi si ndogo kwa mtu aliyeiona miaka ya 1990, wakati vijana walipozikwa na mabibi wakaachiwa wajukuu wa kulea kwa jembe la mkono. Tangu wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa Kagera mwaka 1983 hadi Rais Benjamin Mkapa alipoutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwaka 1999, nchi ilikuwa na nasaha nyingi na tiba haba. Ilikuwa Oktoba 2004 ndipo Serikali ilipoanza kutoa dawa hizi bila malipo, na mwaka 2016 ikaondoa sharti la kungoja kinga ya mwili ishuke, ikaamuru kila akutwaye na virusi aanzishiwe dawa mara moja.

Basi hapa pana jambo ambalo aghalabu halizungumzwi katika hotuba za Desemba mosi, Siku ya UKIMWI Duniani. Malaria humjia mtu, ikatibiwa, ikaondoka, na jina lake likafutika katika hesabu za mwezi. Lakini mwenye virusi aliyeanza dawa mwaka 2005 bado yumo daftarini leo, na wa mwaka 2016 yumo, na wa juzi ameongezwa chini yao. Dawa hufaulu kwa kuwaweka watu hai, na kila aliye hai ni kazi ya muuguzi: kumpima uzito, kumwuliza habari za kikohozi ili kifua kikuu kisijifiche, kumtoa damu ya kupima wingi wa virusi na kuipeleka maabara ya mbali, kumhesabia vidonge, kumjazia kadi yake, na kama ni mzazi, kukausha tone la damu ya kisigino cha mtoto katika karatasi na kulifuatilia jibu lake. Mgonjwa aliyetulia hupewa siku hizi dawa za miezi mitatu au sita, na hilo limepunguza foleni, halijapunguza dhima. Kwa kuwa maradhi haya yamekuwa ya aushi, ilipasa wanaoyahudumia nao wawe watumishi wa kudumu. Na ninavyoona mimi, kosa kubwa la siasa yetu ya afya kwa muda wa miaka 20 ni kuwa tuliwapokea wagonjwa wa maisha yote, tukawakabidhi kwa watu wenye mikataba ya mwaka mmoja mmoja.

Mikataba hiyo ilitoka wapi, hapana asiyejua. Mfuko wa Rais wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ulioanzishwa mwaka 2003, uliigawa nchi yetu kwa mashirika. Katika Iringa mradi uitwao Tunajali ulifanya kazi miaka mingi, na baada yake ikaja mingine kwa majina mengine, na huko Mbeya taasisi ya utafiti wa kitabibu ya jeshi la Marekani ikawa mshirika mkuu. Sitaki kuwa miongoni mwa wasahaulifu wa fadhila. Fedha hizo ziliokoa nafsi nyingi katika vilima hivi, na asiyezishukuru hana insafu. Hata hivyo, mradi huajiri kwa tadbiri ya mradi: karani wa takwimu, mshauri nasaha, muuguzi wa ziada wa kliniki ya tiba na matunzo (CTC), na WAVIU washauri ambao wenyewe wanaishi na virusi na hupewa posho ili wawatafute watoro wa dawa, wote hao waliingizwa katika jengo la Serikali, wakakaa meza moja na watumishi wa Serikali, lakini hawakuwamo katika ikama ya Serikali, yaani orodha ya nafasi zake za kazi zilizoidhinishwa. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alipotia saini amri ya kuisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, mtu aliyejua bonde lipi amejificha mtoro yupi aliambiwa abaki nyumbani. Dawa zilikuwamo katika kabati, ila mwenye kujua nani hakuja kuzichukua hakuwapo.

Nisisitize neno hili la kujua, kwa sababu nchini mwa Wahehe na Wabena siri ya maradhi ina thamani kubwa kuliko nauli. Wako watu wanaopita zahanati ya kijiji chao, wakapanda gari na kwenda kuchukulia dawa Mafinga au mbali zaidi, wasije wakaonwa na shemeji au mshirika wa kwaya wakiwa wameketi katika benchi la kliniki. Vibarua wa chai na wapasua mbao nao huhama kwa msimu, leo wako Kibao, kesho Mgololo, keshokutwa wamevuka kwenda Njombe. Kumshawishi mtu wa namna hii asiache dawa si kazi ya bango wala ya ujumbe wa simu; ni kazi ya mtu aliyemzoea, anayemwita mama au kaka kwa staha, ajuaye kwamba mumewe hajaambiwa, na ambaye hatalitamka jina lake kwa sauti dirishani. Siri hukabidhiwa mtu, na mtu huyo akibadilishwa kila mkataba unapokoma, mgonjwa hulazimika kuisimulia fedheha yake upya mbele ya mgeni. Wengi huona afadhali kunyamaza na kutoroka. Uzoefu wa miaka mitano katika kata moja haununuliwi katika semina ya siku tatu, hata kama semina hiyo ina chai na maandazi.

Turudi kwenye ikama, maana hapo ndipo penye kufuli. Mwongozo wa ikama wa Wizara ya Afya uliotolewa kwa miaka ya 2014 hadi 2019 uliagiza zahanati iwe na watumishi 15 hadi 20, na kituo cha afya 39 hadi 52. Tuache kwa sasa kwamba zahanati nyingi za vijijini zina watu wawili au watatu, na kwamba akienda mmoja kuchukua chanjo na mwingine akajifungua, mlango hufungwa. Zaidi ya hayo, kipimo chenyewe kilifuata aina ya jengo: zahanati ya Mufindi na zahanati ya Kigoma, ilhali ya kwanza ina mzigo wa virusi ulio mara sita wa ile ya pili, zikawa na haki ya watu walewale. Shirika la Afya Duniani lina njia ya kupima haja ya watumishi kwa uzito wa kazi iliyopo, na njia hiyo imekwisha kutumiwa hapa Tanzania. Hatuna udhuru wa kusema hatuijui. Pindi mtu akiwahesabu walioandikwa katika daftari la CTC, akahesabu dakika ambazo kila mmoja anazistahili, hesabu itamwambia Mufindi yahitaji wauguzi na maafisa tabibu wangapi kwa kazi hii peke yake, kabla mama mjamzito wa kwanza hajaingia mlangoni.

Upungufu huu una historia. Katika miaka ya 1990 Serikali, ikitii masharti ya wakopeshaji, ilisimamisha ajira mpya na kuwapunguza watumishi, na ikawa ni katika miaka hiyohiyo ambapo UKIMWI ulikuwa ukiongeza wagonjwa na kuwaua hata waganga wenyewe. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilizitaja nchi 57 zenye upungufu wa hatari wa watumishi wa afya, 36 kati yake zikiwa za Afrika, nasi tukiwamo. Mwaka 2007 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliokusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Wananchi wakachoma matofali, wakachanga, wakapandisha kuta. Jengo lina faida moja kwa mwanasiasa, nayo ni kwamba lina utepe wa kukatwa. Muuguzi hana utepe. Taasisi ya Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilijaribu kuziba pengo kwa kuwapeleka matabibu na wauguzi katika wilaya za pembezoni, na mfano wake ulikuwa mwema. Lakini nao ulitegemea hisani, na hisani ina tarehe ya kuisha.

Na jambo la kustaajabisha ni kuwa watu wapo. Mafinga penyewe pana chuo kinachofundisha maafisa tabibu, na kila mwaka vyuo vya namna hiyo nchini hutoa wahitimu ambao wengi wao hukaa na vyeti, wakauza vocha au kuendesha bodaboda, wakiyangoja matangazo ya ajira ya Serikali. Zahanati zinalia hazina watu na watu wanalia hawana kazi, na katikati yao kuna mlango mmoja tu, kibali cha mshahara.

Najua Hazina itasema nini. Itasema mshahara ni deni la miaka 30, na mkupuo wa fedha za leo hauwezi kubeba ahadi ya namna hiyo. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini tazama jirani wa Mbeya, ng'ambo ya mto Songwe: Malawi, nchi iliyo fukara kuliko sisi, mwaka 2004 ilianza mpango wa dharura wa kuongeza mishahara ya watumishi wa afya kwa asilimia 52 na kupanua vyuo vyake, wafadhili wakichangia, na kufikia mwaka 2009 watumishi wake wenye taaluma walikuwa wameongezeka kwa zaidi ya nusu. Siri ya mpango ule ni kuwa fedha za wageni zilipitia katika mishahara ya Serikali yenyewe, juu ya nafasi za Serikali, hata wafadhili walipopungua nafasi hazikuyeyuka pamoja nao. Uganda, kwa upande wake, iliagiza Februari 2025 kliniki za virusi zilizojitenga ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Kuunganisha kuna hekima, hata kwa ajili ya ile siri ya benchini. Ila kuwaunganisha wagonjwa elfu na muuguzi mmoja aliyekwisha kuchoka ni kuhamisha foleni tu.

Serikali yetu nayo haikulala. Januari 2024 ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa muda wa miaka mitano, na katika bajeti ya mwaka 2025/26 ikapendekeza tozo ambazo sehemu yake itautunisha Mfuko wa UKIMWI. Yote mawili nayaunga mkono, kwa tahadhari. Mhudumu wa jamii ni mkono wa muuguzi na hawezi kuwa badala yake; asipokuwapo wa kumpokea mgonjwa aliyeletwa, safari ya mhudumu ni bure. Na fedha za mfuko, zikiachwa zifuate mazoea, zitamalizikia katika dawa na magari, kwa sababu chupa na magurudumu ni rahisi kuhesabika mbele ya mkaguzi. Iandikwe katika kanuni kwamba sehemu maalumu ya fedha hizo italipa mishahara, na kwamba mikoa itakayoanza ni Njombe, Iringa na Mbeya. Na katika nafasi hizo wafikiriwe kwanza wale waliofanya kazi za miradi katika vituo hivyohivyo, pamoja na WAVIU washauri, ambao ujuzi wao hauna cheti lakini hauna mbadala. Nyumba ya mtumishi ijengwe kabla ya jengo jipya la wagonjwa, maana kijana aliyepangwa katika kijiji kisichopitika wakati wa masika, asiye na pa kulala ila chumba cha kupanga nyuma ya kilabu, ataomba uhamisho kabla mwaka haujaisha, nami sitamlaumu.

Makampuni ya chai na hospitali za misheni zimebeba sehemu kubwa ya mzigo huu tangu zamani, na hospitali kama ile ya Lugoda imewatibu wasio vibarua pia. Lakini shamba likibadilisha mwenyewe, au bei ya chai ikianguka huko mnadani, hapana sheria imlazimuyo mwenye shamba kuendelea kumlea mgonjwa wa kijiji cha jirani. Dhima hiyo ni ya umma.

Kila mwaka, kabla ya bajeti, halmashauri huandika maombi ya ikama na kuyapeleka Dodoma, na maombi hayo kwa desturi hutaja majengo yaliyopo na nafasi zilizo wazi. Madiwani wa Mufindi wangeweza, bila kungoja mwongozo mpya, kudai kwamba safari hii kila kituo kitajwe pamoja na idadi ya watu walioandikwa katika daftari lake la CTC, bila majina, na idadi ya watumishi wenye ajira ya kudumu wanaowahudumia, safu mbili katika ukurasa mmoja, na nakala ya ukurasa huo wapewe wabunge wa Mufindi na wa Mafinga waende nayo kwenye kikao cha bajeti ya Wizara ya Afya.