Wanafunzi wafunzwe kuuliza kabla ya kuunda

Katika zahanati moja ya mashambani, ambayo hatutaitaja kwa jina, mwandishi wa safu hii alimkuta muuguzi akiandika habari za wagonjwa katika daftari la shule, ilhali kando yake palikuwa na kompyuta mpya iliyofunikwa kitambaa cha maua. Alipoulizwa sababu, alijibu bila kinyongo kwamba kompyuta ile hudai nambari ya kitambulisho kabla ya kukubali neno lingine lolote, na watoto wachanga wanaoletwa kuchanjwa hawana vitambulisho. Kwa hivyo yeye huandika katika daftari mchana kutwa, na jioni, wagonjwa wakiisha kwenda zao, huketi akanakili yote katika kompyuta, akimpa kila mtoto nambari ya mama yake.

Walioiunda programu ile hawakuwa wajinga. Hapana shaka walikuwa na shahada zao na walijua kuiamrisha mashine ifanye watakavyo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuketi katika benchi la zahanati ile asubuhi moja tu, kabla programu haijaundwa, akatazama na kuuliza. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wataalamu wale waliunda kitanda, wakampa muuguzi alale, na kunguni wakawa wake peke yake.

Mtu huyo aliyekosekana ana jina katika taaluma ya kompyuta. Huitwa mchanganuzi wa shughuli. Kazi yake ni kusimama baina ya wenye shida na wenye ufundi, akachunguza jinsi kazi inavyofanywa hasa, si jinsi inavyosemekana hufanywa, kisha akawasaidia wote wawili waafikiane juu ya kile kinachostahili kuundwa. Vijana wetu wengi wanaohitimu vyuoni wanaitamani kazi hii. Wakiitafuta, hukutana pia na neno jingine ambalo limeenea katika makampuni ya programu ulimwenguni, nalo ni ajaili, yaani mtindo wa kufanya kazi kwa wepesi na kwa hatua ndogo ndogo. Jambo tunalotaka kulijadili leo ni hili: mchanganuzi afanye nini katika mtindo huo, na je, shule zetu zinamwandaa?

Ili tuelewe, yafaa turudi nyuma kidogo. Kwa miaka mingi programu kubwa ziliundwa kwa utaratibu uliofananishwa na maporomoko ya maji. Mahitaji yote yaliandikwa kwanza, kisha ramani ikachorwa, kisha programu ikaundwa, ikajaribiwa na kukabidhiwa mwenyewe. Kama maji yasivyopanda mlima, ndivyo na kazi hiyo isivyorudi nyuma. Mara nyingi makala ya mhandisi Mmarekani Winston Royce ya mwaka 1970 ndiyo hutajwa kuwa chimbuko la utaratibu huo, ingawa yeye mwenyewe alionya humo humo kwamba kuufuata kwa namna hiyo nyepesi ni kukaribisha hasara. Onyo lake halikusikika. Mchanganuzi wa zama hizo akawa mwandishi wa vitabu vikubwa vya mahitaji. Alivifunga, vikatiwa saini, naye akaondoka.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha mwisho wa mambo hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilianza kuunda mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi majalada ya kesi badala ya makaratasi. Mahitaji yaliandikwa katika waraka uliozidi kurasa 800. Mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yalikuwa yamebadili kazi ya shirika lenyewe, na maombi ya mabadiliko yakamiminika juu ya waraka ambao tayari ulikuwa umekwisha kunenepa. Mwaka 2005 mradi huo ulitupwa, baada ya kumeza takriban dola milioni 170. Waraka ulikuwepo, saini zilikuwepo, lakini mfumo haukuwepo.

Shirika hilo lilianza upya mwaka 2006 na mradi mwingine, ulioitwa Sentinel, nao pia ukakwama njiani. Mwaka 2010 wakuu wa FBI waliuchukua mikononi mwao, wakapunguza idadi ya watu walioushughulikia na kuugawa katika awamu za majuma mawili mawili. Kila awamu ilipokwisha, kazi iliyokamilika ilionyeshwa, ikatazamwa na kusahihishwa. Mfumo huo ulianza kutumika Julai 2012. Hatusemi kwamba mtindo mpya ulikuwa dawa ya kila ugonjwa, kwa maana hata huo ulichelewa kuliko ilivyoahidiwa. Tunasema tu kwamba kosa linalogunduliwa baada ya majuma mawili hugharimu kidogo kuliko kosa linalogunduliwa baada ya miaka minne.

Mtindo wenyewe ulikuwa umepewa jina lake Februari 2001, pale wataalamu 17 walipokutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika azimio fupi. Walisema wanathamini watu na mazungumzo kuliko taratibu na zana, programu inayofanya kazi kuliko maandishi mengi, ushirikiano na mteja kuliko kubishania mkataba, na kuitikia mabadiliko kuliko kushikilia mpango. Katika kanuni 12 zilizoambatana na azimio hilo, mojawapo yasema kwamba wenye shughuli na waundaji wa programu sharti wafanye kazi pamoja kila siku hadi mradi umalizike.

Hapo ndipo wengi walipopotoka. Walisoma kwamba programu yathaminiwa kuliko maandishi, wakadhani hapaandikwi kitu. Walisoma kwamba wenye shughuli watazungumza na waundaji moja kwa moja, wakaamua kwamba mchanganuzi hana kazi tena. Hata mwongozo wa Skramu, ambayo ndiyo njia maarufu zaidi ya kufuata mtindo huu, unawataja watu wa aina tatu tu: mwenye bidhaa, ambaye huamua kipi kitangulie, msimamizi wa Skramu, ambaye huwasaidia wenzake kufuata utaratibu, na waundaji wenyewe. Mchanganuzi hatajwi kwa jina. Mwanafunzi anayeusoma mwongozo huo kwa mara ya kwanza ana haki ya kuuliza kama anasomea kazi iliyokwisha kufa.

Jibu letu ni kwamba cheo chaweza kufutwa katika karatasi, lakini kazi haifutiki. Iwe inafanywa na mtu mwenye jina la mchanganuzi, au na mwenye bidhaa, au na muundaji mwenye subira ya kusikiliza, lazima ifanywe na mtu. Kilichobadilika ni namna ya kuifanya. Zamani mchanganuzi aliuliza mara moja na kuandika mengi. Sasa huandika machache na kuuliza kila siku.

Turudi zahanatini. Badala ya kitabu cha kurasa 800, mchanganuzi wa leo huanza na sentensi moja ambayo wenye taaluma huiita hadithi ya mtumiaji: mimi kama muuguzi, nataka kumsajili mtoto mchanga kwa jina la mama yake, ili foleni isikwame. Sentensi hiyo ina mambo matatu, yaani nani, anataka nini na kwa sababu gani. La tatu ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa asiyejua sababu hawezi kujua kama alichounda kimefaa. Lakini sentensi hiyo ni mlango wa mazungumzo tu. Mchanganuzi huingia ndani na kuuliza: mama akiwa hana kitambulisho? Mtoto akiletwa na nyanya yake? Umeme ukipotea katikati ya usajili? Na je, mapacha? Swali hilo la mwisho tulimwuliza yule muuguzi, naye akacheka. Kompyuta, alisema, hukataa mtu wa pili mwenye nambari ile ile, kwa hivyo pacha mmoja hubaki katika daftari.

Majibu ya maswali hayo huwa masharti ya kukubali kazi. Yasipotimizwa, kazi haijaisha, hata kama muundaji amechoka. Vilevile mchanganuzi huigawa shida kubwa katika vipande vidogo ambavyo kila kimoja chaweza kutumika kivyake, kwani haba na haba hujaza kibaba. Tena huwa na ujasiri wa kuuliza ni kipi kisichohitajika kabisa, maana azimio la Snowbird lahesabu kazi isiyofanywa kuwa sehemu ya ustadi. Wanaodhani ajaili ni kukimbia hawajaielewa. Haraka haraka haina baraka hata katika kompyuta, na wepesi unaozungumziwa hapa ni wepesi wa kugeuka unapogundua umepotea njia.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Marekani. La hasha. Mfano bora umo mikononi mwa kila Mkenya mwenye simu. Huduma ya M-Pesa haikubuniwa kwanza kwa ajili ya kutuma pesa kwa jamaa. Ilipojaribiwa tangu Oktoba 2005 huko Thika na Nairobi, kwa ushirikiano wa Vodafone, Safaricom na shirika la Faulu, na kwa msaada wa fedha kutoka serikali ya Uingereza, nia ilikuwa kuwawezesha wateja wachache wa mikopo midogo kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu. Lakini waliousimamia mradi, akiwemo Bi. Susie Lonie wa Vodafone, waliwatazama wateja na kuwasikiliza. Wakaona mambo ambayo hayakuwa katika mpango. Wengine walilipiana madeni. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuwatumia jamaa zao mashambani. Wenye maduka waliweka fedha humo usiku kwa ajili ya usalama, na wasafiri waliweka pesa mwanzo wa safari wakazitoa mwisho wa safari.

Waundaji wenye kiburi wangesema wateja hao wanaitumia huduma vibaya. Waundaji wale walisema wateja ndio wanaotufundisha. Suala la mikopo likawekwa kando, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kote nchini kwa shabaha moja nyepesi, ya kutuma pesa nyumbani. Hatudai kwamba mradi huo ulifuata kitabu chochote cha ajaili. Twadai kwamba moyo wa uchanganuzi ulikuwemo: jaribu kidogo, tazama, uliza, badilika. Matokeo yake kila mmoja wetu anayajua.

Sasa tuulize kama shule zetu zinaujenga moyo huo. Katika mtihani wa KCSE, somo la Kompyuta lina karatasi ya tatu ambayo ni mradi. Mwanafunzi hupewa hali fulani, pengine ya hospitali au ya maktaba, akatakiwa kuunda mfumo na kuuandikia maelezo. Ni zoezi jema, na limewatoa wataalamu wengi. Hata hivyo lina upungufu mmoja mkubwa. Shida huwa imekwisha kuelezwa na mtahini. Mwanafunzi hahitaji kumwuliza mtu yeyote chochote. Anajifunza kuunda hospitali ambayo hana haja ya kukanyaga ndani yake, kisha tunashangaa anapokua na kuunda kompyuta isiyowatambua watoto wachanga.

Mfumo wa 8-4-4 unapoelekea kufunga ukurasa na Mtaala wa Umilisi kushika nafasi yake, tuna nafasi adimu ya kurekebisha jambo hili. Mawasiliano, ushirikiano na kufikiri kwa kina ni miongoni mwa umilisi unaosisitizwa katika mtaala huo. Twawaomba walimu wa kompyuta wasiyaache maneno hayo yabaki katika vitabu vya miongozo. Mpelekeni mwanafunzi kwenye duka la karibu, kwenye chama cha akiba, kwenye ghala la chakula la shule yenyewe. Aketi saa moja akitazama bila kugusa kompyuta. Aandike hadithi tatu za watumiaji, si thelathini. Aunde kipande kimoja, akirudishe kwa mpishi au mwenye duka, aambiwe kimekosewa wapi, akirekebishe. Na alama zitolewe kwa maswali aliyouliza, si kwa rangi za skrini yake.

Walimu wa lugha nao wasidhani jambo hili haliwahusu. Mchanganuzi asiyeweza kumhoji mama muuza mboga kwa Kiswahili chenye adabu na kinachoeleweka, au asiyeweza kuandika sentensi moja isiyo na maana mbili, ameshindwa kazi kabla hajaianza. Insha na mahojiano ni mafunzo ya kompyuta pia.

Kwa wanafunzi wa vyuo tuna neno moja. Vyeti vipo, na baadhi yake ni vya maana. Taasisi ya kimataifa ya wachanganuzi wa shughuli, IIBA, iliyoanzishwa Canada mwaka 2003, hutoa hata cheti cha uchanganuzi katika mtindo wa ajaili. Atakaye na akitafute. Lakini asije akadhani kwamba kujua majina ya mikutano ya Skramu ndiko kuwa mchanganuzi. Mtu huwa mchanganuzi siku anapokubali kwamba muuguzi mwenye daftari anaijua kazi yake kuliko yeye mwenye shahada, na kwamba amekuja kujifunza kwake.

Wakati tunaandika haya, muuguzi yule huenda bado ananakili daftari lake kila jioni. Miongoni mwa wanafunzi walio madarasani leo yumo atakayekwenda kumwondolea mzigo huo. Tumfunze kuuliza mapema.