Nyumba ya mtu isikamatwe bila tribunali

Ndugu vijana wa Basoko, ninyi mlio kule mtoni na sisi tulio hapa Kisangani, katika Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo na Lubunga: jambo hili tunalisikia katika familia nyingi, na leo tunalisema wazi. Mzazi anakopa feza. Anaacha karatasi za parseli kwa mkopeshaji. Miezi inapita, deni linapanda, na asubuhi moja mtu msiyemjua anafika na kufuli mpya, anasema amekwisha kununua. Hakuna huisye, hakuna hukumu, hakuna mnada. Kuna paka karatasi moja yenye sahihi ya baba.

Ile karatasi ndiyo shida yenyewe. Mdomoni iliitwa mkopo, lakini ukiisoma ni mkataba wa kuuza. Baba alitia sahihi ya kuuza siku ileile aliyopokea feza, na tarehe ikaachwa wazi. Kisha mkopeshaji anangoja tu. Tuseme alitoa dola 500 kwa riba ya 30% kila mwezi, namna ya wale tunaowaita Banki Lambert. Miezi mitatu ya riba peke yake ni dola 450, na zile 500 bado ziko palepale. Parseli ambayo familia imeijenga miaka ishirini inaenda kwa deni la bei ya pikipiki iliyotumika.

Kwa nini wazazi hawaendi banki ya kweli? Juu ya karatasi. Banki inataka ipoteki, na ipoteki inaandikwa kwenye sertifika inayotolewa na konservatere wa hati za viwanja. Kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo ni wa Leta, na haki ya mtu juu ya kiwanja inahakikishwa na sertifika ile. Familia nyingi hazina. Ziko na fishi ya parseli, ao barua ya shefu wa kartie yenye mhuri unaofutika. Basi wanaangukia kwa mtu wa pembeni. Na tuseme ukweli: mara nyingi feza ile ilikuwa ya minervali yetu. Diploma tuko nazo, kazi hakuna, na deni limebaki nyumbani na wazazi.

Hatusemi deni lisilipwe. Aliyekopa alipe. Lakini kulipa na kufukuzwa ni mambo mawili. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, inasema mali ya mtu ni takatifu, na hakuna wa kukamatiwa mali yake isipokuwa kwa uamuzi wa mamlaka ya sheria. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria zake ni kali zaidi kuliko wengi wanavyofikiri. Mdai hawezi kuuza nyumba ya mdaiwa bila kupita njia yote: amri ya kulipa inayoletwa kwa maandishi, siku za kulipa, tribunali, kisha mnada wa wazi. Mapatano ya kuruka njia hiyo hayana nguvu. Feza inayobaki kisha deni kulipwa inarudi kwa mwenye nyumba. Tena sheria ya OHADA ya 2010 juu ya dhamana inakataza tribunali kumpa mdai wa ipoteki, kama malipo, nyumba ile ambayo mwenyewe anaikaa. Ndiyo sababu wakopeshaji wajanja wanakimbilia mkataba wa kuuza: wanajua mlango ule mwingine umefungwa.

Na mama yuko wapi katika sahihi ile? Sheria ya familia inataka mume na mke wakubaliane kabla ya kuuza ao kuweka rehani nyumba iliyo yao wote wawili. Mara ngapi mama anapata habari siku ya kufuli?

Sisi wa Basoko tuko na sababu ya kuchunga karatasi kuliko wengine. Kule Lokutu mashamba ya michikichi yalianza na Lever mwaka 1911, yakapita kwa Unilever, na mwaka 2009 yakauzwa kwa Feronia. Banki za maendeleo za Ulaya, pamoja na DEG ya Ujerumani, zikaikopesha kampuni hiyo mamilioni ya dola, wakati vijiji vinasema udongo ule ulichukuliwa bila ruhusa yao. Mwaka 2018 jamii 9 zilipeleka malalamiko kwa DEG. Kule kampuni ndiyo ilikuwa na hati, na wanavijiji walikuwa na makaburi ya babu zao. Lakini kwa nyumba zetu za mjini ni kinyume: sheria iliyoandikwa iko upande wetu, na tunaiacha ilale.

Tunawaomba mashefu wa kartie na maburgumestre waache kupiga mhuri juu ya mauzo ambayo muuzaji hakuletwa mbele yao, na mke wake pia. Polisi wasisindikize mtu asiye na hukumu mkononi. Na ninyi wenzetu mnaofanya kazi ya komisyonere, tunajua njaa iko, sisi pia tunaisikia. Lakini ukileta mnunuzi kwenye parseli yenye watu ndani, uliza kwanza hukumu iko wapi.

Yule ambaye nyumbani kwao kuna karatasi ya namna hii, aisome leo pamoja na wazazi. Kama neno "kuuza" liko ndani, andikeni pembeni feza mliyopokea, tarehe, na kila franka mliyokwisha kulipa, pamoja na majina ya mashahidi walioona. Pigeni picha kila ukurasa, mbele na nyuma. Mkopeshaji akifika, msimpe karatasi ya asili, na msitoke ndani ya nyumba juu ya maneno ya mdomo. Mtafuteni avoka kabla tarehe ile iliyoachwa wazi haijajazwa.