Barua za Vigae

Msomaji mpenzi, usikidharau kigae unachochukulia moto kwa jirani. Huko Misri, karibu na mwaka 600, Askofu Abraham wa Hermonthis na watu wake waliandikiana juu ya vigae vya vyungu, maana mafunjo yalikuwa ghali. Katika barua za namna hiyo wengine huomba radhi kwa kukosa mafunjo! Tena twasoma maombi ya watu watakao ushemasi, wakiahidi kujifunza Injili ya Yohane kwa moyo. Injili nzima, ndugu zangu, si mistari miwili. Mafunjo mengi yameoza au yameliwa na mchwa. Lakini udongo uliochomwa kupita digrii 600 hivi hutokwa na maji yaliyofungamana nao, wala haurudi kuwa tope tena.