Serikali ikiomba siri za mteja, kampuni inajibu nini?

Mkaaji wa Goma, Bukavu ao Bunia akinunua laini ya simu, anaacha jina lake na kadi ya uchaguzi. Tangu hapo kampuni inajua anapigia nani, saa ngapi, na karibu na antena gani. Akituma makuta kwa simu, inajua hata nani aliyapokea. Siku serikali inakuja kuomba habari hizo, kampuni ifanye nini?

Mwaka 2004, muandishi wa habari wa Uchina, Shi Tao, alituma ujumbe kwa njia ya Yahoo. Alieleza amri ambayo serikali ilipatia magazeti mbele ya ukumbusho wa miaka 15 ya mauaji ya Tiananmen. Yahoo ikatoa habari zilizosaidia kumtambua, naye mwaka 2005 akahukumiwa miaka 10 ya buloko. Kampuni ilijitetea kwamba ilifuata sheria ya inchi. Lakini mwaka 2007, mkubwa wake Jerry Yang aliomba radhi kwa familia, mbele ya wabunge wa Marekani. Radhi haikufungua gereza: Shi Tao alitoka mwaka 2013.

Kuko mfano mwingine. Mwaka 2016, Signal ilipokea karatasi ya tribinali huko Marekani. Haikugoma. Ilitoa yote iliyokuwa nayo: siku akaunti ilifunguliwa na siku ya mwisho iliyotumika. Basi. Kitu kingine haikuwa imekiweka.

Tofauti njo hiyo. Polisi inayotafuta watekaji nyara ina haki ya kuomba msaada, na kampuni haiwezi kuchana amri ya tribinali. Lakini inaweza kuweka habari kidogo, kudai amri ya maandishi, kutoa kile tu kimeombwa, na kutangazia wateja iliombwa mara ngapi.

Congo iko na sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, yenye sehemu juu ya ulinzi wa habari za mtu binafsi. Sheria bila mteja anayeuliza inabaki karatasi. Na hapa Mashariki kila mtu anajua: mwenye kuongoza leo anaweza asiwe yule wa kesho. Viongozi wanabadilika, lakini jina lililowekwa kwenye mashini linabaki, likingoja mwenye kulifungua.